Viroboto wa Maji Safi

Daftari hili nilipewa niandike hesabu ya viroboto. Kurasa za mbele zina tarakimu tu, asubuhi na jioni. Maneno nimeyaweka huku nyuma, kwa Kiswahili, kwa sababu mwenye daftari anatoka upande wa Kisii na lugha yangu hangeisoma. Sasa ameshanakili tarakimu zake akaniachia daftari, na hakuna anayenisubiri niandike, lakini nimeshazoea. Niliacha shule darasa la saba. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Watoto wako mjini. Wananipigia simu Jumapili baada ya kanisa, mmoja mmoja, na kila mmoja ananiuliza kama nimekula. Nimekula. Baada ya hapo hatuna la kusema, na sitawalaumu, kwa sababu hata mimi nikiulizwa kuna nini kipya huwa najibu mvua.

Yule msichana mwenye daftari alikuja mvua ndefu zikianza, kwa boda kutoka Kapkatet, ameshika buti zake mkononi. Mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba, sauti ya chini. Alikuwa ameelekezwa kwangu kwa sababu chemchemi ambayo watu wa upande huu wanateka maji iko mwisho wa shamba langu, chini ya majani chai, na kando yake kuna kidimbwi ambacho ng'ombe hawafiki.

"Baba, naomba kuona kidimbwi chako."

"Hakina samaki."

"Sitafuti samaki. Natafuta viroboto."

Nikamwambia viroboto wako kwa mbwa wa jirani, aende huko atapata wa kutosha. Alicheka, akavaa buti, akateka maji kwa bakuli jeupe, akaniita. Ndani kulikuwa na vitu kama chembe za chumvi, vinarukaruka. Nimekunywa maji ya upande ule tangu niletwe duniani na sikuwa nimewahi kuviona. Akanipa kioo cha kukuza. Kiroboto wa maji ana mwili kama kioo cha taa. Unaona utumbo wake, uzi wa kijani. Unaona mayai mgongoni. Unaona na moyo, unapiga haraka haraka, kama mtu aliyepanda mlima. Nilikaa na kile kioo mpaka akaniambia kwa heshima kwamba mkono wake ulioshika bakuli umechoka.

Alichokuwa akikifuatilia hasa ni dawa ya jirani yangu. Jirani yuko ng'ambo ya kijito, tulitahiriwa mwaka mmoja, na msimu uliopita alianza kunyunyizia chai yake mbolea mpya ya majani, ya zinki, inakuja kwa kichupa kidogo. Wauzaji wanaiita nano. Ni kweli chai yake ilikuwa ya kijani kuliko yangu, hilo siwezi kulificha. Msichana alitaka kujua dawa ile ikishuka na mvua mpaka majini inawafanyia nini hawa wadogo, kwa sababu samaki na ndege wanawategemea.

"Nano ni kitu gani?" nilimuuliza.

"Chukua unywele wako mmoja, Baba. Upasue kwa urefu, vipande elfu. Kipande kimoja ndio hicho."

"Na wembe wa kazi hiyo unauzwa wapi?"

Lakini alinieleza vizuri, na nadhani nilielewa. Kiroboto wa maji hachagui chakula. Anachuja maji mchana kutwa, na chochote kilicho kidogo vya kutosha kinaingia. Zinki ikiwa punje kubwa inamzunguka inaenda zake. Ikisagwa hivyo inaingia tumboni, inakaa.

Jirani mwenyewe ndiye aliyempa dawa, kikombe kizima. "Apime," alisema. "Apime ajue ni nzuri. Mimi sina la kuficha." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mzee mzima. Wenzako wanafuga ng'ombe wa gredi, wewe unafuga viroboto. Unakamua saa ngapi?"

Kazi ilipangwa hivi. Chupa kumi na nane za jemu, safu tatu, kwenye rafu ya kile chumba cha nje ambamo mke wangu alikuwa akiweka vibuyu vya maziwa, kwa sababu kina ubaridi na jua haliingii. Safu ya kwanza, maji ya chemchemi peke yake. Ya pili, maji na dawa kidogo. Ya tatu, dawa zaidi. Viroboto kumi kila chupa, na hamira kidogo sana ya kula. Mimi nihesabu walio hai saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na tena saa hiyo jioni. Yeye angekuja kila Jumamosi.

Nilianza kumwita mwalimu. Alikuwa akikataa, anasema yeye bado mwanafunzi, lakini aliitika. Jumamosi nilikuwa nachemsha chai mapema kisha nairudisha motoni mara mbili kabla hajafika. Sijui kama niandike hili. Ijumaa nilianza kunyoa ndevu.

Ile Ijumaa ya kwanza nilitakiwa kuosha chupa ili akija azijaze. Alikuwa ameniambia: maji ya moto, bila sabuni, mara tatu. Nilisikia. Sitasema sikusikia. Nilifanya hivyo kwa chupa zote kumi na nane, nikazipanga juani, nikazitazama. Zilikuwa zinang'aa, lakini hazikunuka kitu. Nyumbani kwetu chombo kisichonuka moshi hakijaoshwa. Mke wangu alikuwa akinusa kibuyu, anakunja uso, anasema, "Hiki bado," na kinarudi jikoni. Kazi ya vibuyu ni ya wanawake. Mimi nilianza kuifanya alipokufa, kwa sababu maziwa ya pakiti yalinishinda na nilitaka mursik, maziwa yetu ya kulala, na hakukuwa na mwingine wa kunitengenezea. Wanawake wa kanisa wananicheka, na wana haki. Nilijifunza kwa kukumbuka mikono yake. Unakata kijiti cha senetwet, ule mti wa maua ya njano unaoota kando ya ua, unakichoma mpaka kiwe kaa la moto, unaliingiza kibuyuni, unalisaga humo ndani kwa sosiot, ile fimbo ya kusugulia kibuyu, mpaka ukuta wote uwe mweusi. Unakung'uta vumbi. Ndipo unatia maziwa.

Nilifikiri hivi: huyu mtoto wa watu ametoka mbali, mtihani wake uko kwenye chupa hizi, nami nimpe vyombo ambavyo mke wangu angevirudisha jikoni? Kaa likiwa la moto kioo kingepasuka, kwa hiyo niliacha lipoe. Nilianza na zile sita alizoziwekea alama ya maji safi. Nikasema hizo ndizo zinahitaji usafi zaidi, hizo nyingine si zitatiwa dawa hata hivyo? Nilizisugua ndani kwa mkaa, polepole, nikakung'uta, nikasuuza kwa maji ya chemchemi mpaka zikaonekana kama mpya. Zilinukia vizuri. Nilikuwa na furaha siku hiyo, hilo nalikumbuka.

Jumatatu jioni wale wa maji safi walianza kulala chini. Jumatano walikuwa wamebaki wachache, na Ijumaa hakukuwa na hata mmoja. Wa dawa kidogo walikuwa karibu wote wazima. Wa dawa nyingi walikufa baadhi, wengine walikuwa wakizungukazunguka chini bila kuruka. Niliandika vile ilivyokuwa. Siku ya pili niliandika pia, pembeni: vumbi jeusi kidogo chini ya chupa za safu ya kwanza. Niliandika, nikapita.

Mwalimu alisoma ukurasa amesimama, kisha akakaa kwenye kigoda.

"Baba, hukubadilisha chupa?"

"Ziko pale ulipoziacha."

"Wa maji safi ndio hawatakiwi kufa. Hao ndio kipimo. Wakifa hao, wengine wote hawaniambii kitu."

Jirani alipata habari, na sitaki kumwonea, alikuwa amesemwa sana kuhusu ile dawa. Alisimama ng'ambo ya kijito akaniita ili wachumaji wote wasikie. "Mzee! Nasikia maji ya Mungu yameua na dawa yangu imenyonyesha! Niwatumie kikombe kingine?" Wachumaji walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo.

Mwalimu alirudia kazi toka mwanzo. Nami nikaosha tena, kwa bidii zaidi. Zile sita nilizisugua mara mbili. Safari hii wa maji safi hawakufika Jumatano.

Jumamosi hiyo hakunywa chai. Alisema sasa anaona ni nini, shida ni chemchemi yenyewe, kuna kitu ndani ya maji, na pengine zinki inakishika kwenye zile safu nyingine kisiwaue. Alikuwa amempigia mwalimu wake wa chuo, na yule akamwambia aiache nano kwanza, achunguze chemchemi. Akanisihi nisiwaambie watu mpaka awe na hakika. Kisha akasema, kama mtu anayeomba msamaha, "Itabidi nikusumbue zaidi, Baba. Nitakuwa nakuja mara mbili kwa wiki. Pengine mwaka mzima."

Nilimwambia hakuna shida.

Nilipomsindikiza mpaka barabarani nilikuwa nahesabu. Mara mbili kwa wiki. Nilifikiri ninunue kiti chenye mgongo. Halafu niliporudi niliwapita akina mama watatu na mitungi yao wakitoka kuteka, wakanisalimia, "Chamge," nami nikaitika, na ndipo jambo lenyewe liliponifikia. Mke wangu alikunywa maji yale kila siku. Miezi yake ya mwisho alikuwa hataki maji mengine, hata ya hospitali alikataa, nikawa nampelekea kwa chupa. Nilikuwa nateka mwenyewe.

Sikulala vizuri siku hizo, hayo yatosha.

Jumanne asubuhi niliingia chumba cha nje. Alikuwa ameniachia kile kioo cha kukuza na zile chupa kama zilivyokuwa. Niliwatoa wafu wa safu ya kwanza, nikawaweka kwenye sahani nyeupe mlangoni penye mwanga. Mwili wa kiroboto hata akifa unabaki kama kioo kwa muda. Ule uzi wa utumbo, ambao nilikuwa nimeuona wa kijani, ulikuwa mweusi. Nikamtazama mwingine. Mweusi. Niliwatazama wote. Kila mmoja alikuwa amejaa masizi toka mdomoni mpaka mkiani, kama bomba la jiko.

Nilikumbuka lile vumbi jeusi nililoliandika mwenyewe kwa mkono wangu.

Lakini mimi ni nani wa kusema? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nilijiambia mtu wa darasa la saba hawezi kumsahihisha mtu wa chuo kwa sababu ya kioo cha kukuza. Nilijiambia pengine chemchemi ni mbaya na mkaa pia ni mbaya. Hayo yote yangeweza kuwa kweli. Kwa hiyo nilifanya vile nilivyomwona yeye akifanya. Nilichukua chupa mbili zangu, za asali. Moja niliiosha kwa maji ya moto mara tatu, basi. Ya pili niliiosha hivyo hivyo kisha nikaisugua kwa mkaa wa senetwet, nikasuuza. Maji ya chemchemi kwa zote mbili, ndoo moja. Viroboto kumi huku, kumi huku. Hamira sawa.

Alhamisi jioni chupa ya moshi haikuwa na aliye hai. Katika ile nyingine nilihesabu kumi, nikarudia, nikapata kumi na mmoja, nikadhani nimekosea. Nilitumia kioo. Mmoja alikuwa amezaa.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Maji yalikuwa mazima. Sikumpa mke wangu sumu. Nilikaa mlangoni na ile chupa miguuni, na ni kweli kifua kilikuwa chepesi, lakini kitu kilichonijia kwanza, kabla ya mke wangu na kabla ya akina mama wa mitungi, kilikuwa kwamba nikisema hataendelea kuja. Kazi ya nano angeifanyia chuoni, kwa mikono yake, mahali ambapo hakuna mzee wa kusugua chupa. Na nisiposema atakuja mara mbili kwa wiki. Hakuna aliyeniona. Ile chupa ningeimwaga kwenye kabichi na mambo yangeishia hapo.

Ijumaa sikunyoa.

Jumamosi alikuja mapema kuliko siku zote, ameshika bahasha. Ilikuwa ruhusa ya kuanza kazi ya chemchemi, imepigwa mhuri. Alikuwa na furaha, anaongea haraka, anasema ataleta na wenzake wawili. Nilimwacha amalize. Nilimwacha anywe na chai. Hilo pia ni kosa, nililiongeza juu ya lile la kwanza, kwa sababu nilitaka nusu saa ile.

Kisha nikamwambia, "Mwalimu, chemchemi haina kitu. Ni mimi."

Nilimwonyesha chupa mbili. Nilimweleza senetwet na sosiot, nikaleta na kibuyu chenyewe ili aelewe, akanusa, akaingiza kidole, kikatoka cheusi. Alitazama kile kidole muda mrefu.

"Nilisema maji ya moto."

"Ulisema."

"Mara tatu, Baba. Nilisema mara tatu."

"Ulisema, na nilisikia. Niliona haitoshi."

Alitoka nje akasimama kwenye majani chai, amenipa mgongo. Alikuwa na haki ya kupiga kelele, na kama angepiga ningekuwa nimepata nafuu. Wiki zake zote zilikuwa zimepotea bure, pamoja na ile karatasi yenye mhuri. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alichukua kioo akainama kwenye sahani.

"Wamejaa," alisema. Kisha, kama anaongea peke yake, "Kumbe na moshi ni unga mdogo hivyo."

Nilimuuliza kama ndicho kilichowaua, udogo wake. Alisema hajui. Inaweza kuwa vumbi limewaziba, inaweza kuwa utomvu wa mti wenyewe una ukali. Alisema kusema hujui pia ni kazi. Nililipenda neno hilo, lakini sikuwa na haki ya kulisifu siku hiyo.

Aliomba aende na ile chupa ya moshi pamoja na wafu wake. Akanipa kalamu na kikaratasi cha kubandika. Niliandika: Kosa langu. Alikisoma akakibandua.

"Baba, andika ulichofanya. Usiandike unavyojisikia."

Nikaandika: Chupa iliyosuguliwa kwa mkaa wa senetwet. Waliingia kumi. Hakubaki hata mmoja.

Alikuja mara moja tena, na gari la chuo, kuchukua vitu vyake. Nilimrudishia chupa kumi na nane, nimeziosha kwa maji ya moto mara tatu, na kioo nimekifunga kwa kitambaa. Dereva hakuzima gari. Nilikuwa nimechemsha chai. Alikunywa nusu kikombe amesimama, akashukuru, akaniambia niangalie afya yangu, kama vile watoto wangu wanavyosema.

Mahindi yalikuwa yanatoa ndevu alipopiga simu. Alisema amerudia yote huko chuoni, kwa maji ya chemchemi yetu aliyobeba kwa mtungi, na wa maji safi wako hai. Wa dawa kidogo pia wako hai, ila wamepunguza kuzaa. Wa dawa nyingi wamekufa. Nikamuuliza na kijito chetu je? Akasema chupa si kijito, kijito hajakipima, nisiwaambie watu zaidi ya hapo. Halafu akauliza, "Mvua inanyesha huko?" Nikasema inanyesha. Tukawa tumemaliza.

Nilivuka kwenda kwa jirani siku hiyo hiyo, kwa sababu kama nilicheka alipokuwa anashinda ilibidi niende na hili pia, lote, bila kuongeza. Nilianza na mkaa. Alicheka mpaka akashika mti.

"Umewafukizia viroboto wa watu kama mursik!"

"Niliwafukizia."

"Na yangu?"

"Ikiwa nyingi, inaua. Chupani. Kijito hakijapimwa."

Aliacha kucheka. Alitazama kile kichupa juu ya dirisha lake, akatazama chai yake, na ni chai nzuri, nimeshasema. "Ile mistari ya chini karibu na maji," alisema mwishowe, "haikuwa ikinyunyiziwa vizuri hata hivyo. Naweza kuiacha." Sijui kama aliiacha. Sijaenda kuchungulia, na haingekuwa haki kuchungulia.

Kile chumba cha nje kimebaki na vibuyu vitatu, na chupa yangu moja ya asali, ile ambayo haikuguswa na moshi. Wamezaana humo mpaka sijui idadi. Juzi niliwarudisha kidimbwini nusu yao, kwa sababu walikuwa wamebanana. Kioo sina. Nawaona tu kama chembe za chumvi, na moyo siuoni, lakini najua mahali ulipo.

Bado naenda saa kumi na mbili na nusu. Leo asubuhi nimeandika mbele, kwenye ukurasa wa tarakimu: wengi. Jioni nitajaribu kuhesabu vizuri.